Wabia wasiothamini vitu sawa: mwongozo kamili wa kuendesha mradi wa pamoja, kwa mifano ya Mtwara na Lindi

Kikao kilivunjika kwa neno moja tu: riba.

Tulikuwa chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha pwani kati ya Lindi na Mtwara, siku ya pili ya kupanga mradi wa kufunga mwamba wa pweza, yaani kuuacha bila kuvuliwa kwa muda ili pweza wakue. Wabia walikuwa sita: kikundi cha akina mama wanaochokoa pweza, BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi), serikali ya kijiji, idara ya uvuvi ya wilaya, mnunuzi wa pweza, na shirika lililoleta fedha. Mimi nilikuwa mratibu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Tulikwisha kubaliana mwamba ufungwe miezi mitatu, mipaka imechorwa, maboya yamehesabiwa. Kilibaki kipengele cha mwisho, mfuko wa kuwakopesha akina mama katika ile miezi ambayo hawatashuka mwambani. Mhasibu wa shirika akasoma: mkopo utarudishwa pamoja na nyongeza ya asilimia 10.

Mzee mmoja wa BMU, ambaye pia ndiye imamu wa msikiti, akauliza, "Hiyo kumi ya juu ni ya nini?" Mhasibu akaeleza kwa upole kwamba mfuko lazima ukue, la sivyo utakwisha. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akakusanya kanzu yake, akashika bakora. "Wanangu, hatujagombana. Ila hiyo mimi siili, na jina langu haliandikwi juu yake." Akaondoka. Wanaume kumi na mmoja wakamfuata. Akina mama, ambao ndio hasa walioutaka ule mkopo, wakabaki wameinamisha vichwa, mmoja anachora chini kwa kijiti.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Jioni nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia, shekhe, tumeshusha, sasa itakuwa asilimia 5. Nilidhani nimempelekea suluhu. Kumbe nilimtukana. Ni sawa na kumwendea asiyekula nguruwe ukamwambia basi ale nusu kipande.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekaa pale nilipokaa mimi siku ile: mratibu, afisa wa wilaya, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima), kiongozi wa kikundi, yeyote ambaye kazi yake ni kuwafanya watu wanaothamini vitu tofauti wavute kamba moja. Mifano yangu mingi ni ya bahari kwa sababu ndiko nilikofanya kazi, lakini mwenye mradi wa korosho, msitu au maji atajiona humu.

Hatua ya kwanza: tenganisha masilahi na tunu

Ukikosea hapa, hatua zote zinazofuata utazifanya kwa juhudi na hazitakusaidia kitu.

Masilahi ni kile mtu anachotaka kipungue au kiongezeke: bei, posho, siku za kazi, idadi ya wajumbe. Hivi vinagawanyika. Mnunuzi anataka kilo moja kwa bei hii, akina mama wanataka ile, mnakutana katikati na kila mmoja anarudi kwake na nusu ya alichotaka. Tunu ni kile ambacho mtu akikitoa anajiona hakubaki mtu. Hakigawanyiki, na ukijaribu kukigawa unaongeza hasira.

Utaijuaje tunu wakati mwenyewe hakuiita hivyo? Angalia namna anavyokataa. Anayetetea masilahi hujibu kwa hesabu: "haitoshi", "ongeza kidogo", "wenzetu wanalipwa zaidi". Anayetetea tunu hutaja wazee wake, dini yake, watoto wake, au anasema tu "sisi hatufanyi hivyo". Mwongezee fedha uone. Kama ni masilahi, atalegea. Kama ni tunu, uso utabadilika, kwa sababu sasa anaona unamnunua. Na mara nyingi anayetetea tunu hapigi kelele. Ananyamaza, au anaondoka kwa adabu kama yule mzee, nawe unabaki unadhani umekubaliwa.

Nani asiyekumbuka gesi? Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara mjini, na Januari na Mei 2013 zikatokea ghasia, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Upande mmoja ulizungumza lugha ya hesabu: bomba, umeme wa taifa, mapato. Upande wa pili, ukiwasikiliza watu sokoni na vijiweni, kweli walitaja ajira na viwanda, lakini neno lililorudi mara kwa mara ni kusahauliwa. Kusini ilijiona imeachwa nyuma tangu zamani, na sasa hata kilichotoka kwake kinapita mbele ya mlango wake kwenda Dar es Salaam. Bomba lilijengwa, zaidi ya kilomita 500, likaanza kazi 2015. Sisemi nani alikuwa na haki katika kila jambo. Ninachosema ni kwamba hesabu, hata ikiwa sahihi, haimjibu mtu anayesema amedharauliwa.

Hatua ya pili: jua ni nani hasa yumo

Orodha ya wabia iliyo kwenye andiko la mradi haitoshi. Nyuma ya kila aliyekaa kikaoni kuna mtu ambaye bila yeye neno halikai.

Huku kwetu mtu huyo mara nyingi ni mjomba. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, na ingawa Uislamu, shule na sheria za nchi vimebadilisha mengi, neno la mjomba katika shamba, arusi na ugomvi bado ni zito. Nimeona mume na mke wamesaini karatasi ya kutoa sehemu ya shamba kwa ajili ya kisima, kazi ikaanza, kisha mjomba wa mke akafika kutoka Newala na kazi ikasimama siku hiyo hiyo. Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyemwuliza.

Kwa akina mama wa pweza yupo tajiri, yaani mnunuzi aliyewapa fedha ya unga na ada za shule kabla ya msimu, nao wakaahidi kumuuzia yeye. Wenye mikorosho wanaijua hali hii kwa jina la kangomba. Ukifunga mwamba bila kuzungumza na tajiri, umewafungia akina mama njia ya kulipa deni, nao watakuitikia mchana na kushuka mwambani usiku. Kwa shirika, mtu wa nyuma ni mkaguzi wa hesabu ambaye hajawahi kuuona mwamba. Kwa afisa uvuvi ni mkurugenzi wake. Chora mstari kutoka kwa kila mjumbe hadi kwa mtu wake wa nyuma, na upange lini utamwona.

Uliza pia ni miradi gani ilishapita hapo. Wazee wa Nachingwea wamekua wakisikia habari za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kutelekezwa 1951. Ulijengewa bandari Mtwara na reli, na reli yenyewe ikaja kung'olewa. Kijijini huna haja ya kurudi mbali hivyo. Kuna kisima kisichotoa maji, kuna bango la mradi lililobaki nguzo. Mzee akikuuliza "nyinyi mtaondoka lini?", anakusimulia historia hiyo kwa maneno matatu. Mjibu kwa tarehe.

Hatua ya tatu: msikilize kila mmoja kwake, kabla ya kikao cha wote

Sisi hatukufanya hivi, na ndiyo maana riba ilitulipukia mbele ya watu, mahali ambapo mzee hakuweza kurudi nyuma bila kuvunjiwa heshima. Laiti ningemwona peke yake wiki moja kabla, ningejua.

Panga kwa kalenda yao. Akina mama wa pweza usiwafuate wakati wa bamvua, maana ndizo siku ambazo maji yanakauka mwambani na wao wanapata riziki. Nenda maji mafu. Ijumaa baada ya swala ni wakati mzuri wa kuwapata wazee na wakati mbaya wa kuanza kikao. Mwezi wa Ramadhani fanya mambo mafupi ya asubuhi. Msimu wa korosho, mnada ukishaanza, usitarajie mtu wa bara ya Masasi au Tandahimba akupe nusu siku. Na akina mama wasikilizwe na mwanamke, kwenye ua wao, wakiendelea na kazi zao. Mwenzangu mmoja alijifunza mengi zaidi akiwasaidia kukuna nazi kuliko mimi niliyetembea na daftari.

Usiulize "tunu zako ni zipi?". Hilo ni swali la semina na litapewa jibu la semina. Mimi hutumia maswali haya, kwa mpangilio wowote unaokuja wenyewe:

"Mradi ukienda vibaya, ni jambo gani litakuumiza hata kama hukupoteza fedha?" Hili ndilo swali kubwa. "Ni kitu gani ambacho hata tukikulipa hutafanya?" "Nani utaona haya kumwangalia usoni ukikubali hili?" "Mradi uliopita ulikukera wapi?" Na la mwisho, "Mwenzako yule, unadhani yeye analinda nini?" Jibu la swali hili mara nyingi linakuonyesha kwamba watu wanahukumiana kwa sababu ambazo si za kweli. Akina mama walidhani BMU inataka mwamba ufungwe ili wanaume wa nyavu wabaki na bahari. BMU walidhani akina mama hawajali kesho. Wote walikuwa wamekosea.

Andika majibu kwa maneno ya msemaji mwenyewe. Bibi mmoja akikwambia "sitaki kuomba chumvi kwa wakwe zangu", usiende kuandika "usalama wa kipato wa kaya". Ukishaandika hivyo umepoteza jambo lenyewe, yaani haya.

Hatua ya nne: weka mezani miko ya mwenye fedha

Waratibu wengi tunaficha hapa. Tunamchukulia mfadhili kama hali ya hewa, kitu kisicho na imani zake bali masharti tu. Mfadhili naye ana tunu: kila shilingi iwe na risiti, wanawake wawe wajumbe na si wapishi wa kikao, picha zipigwe, taarifa itoke kila robo mwaka, jambo likiharibika liandikwe. Baadhi ya hizi zinagongana na za wenyeji uso kwa uso. Mahali ambapo kusitiriana ni adabu, taarifa inayosema wazi "katibu alichelewa kurejesha fedha" ni aibu ya ukoo mzima. Mama aliyepigwa picha akiwa amekunja kanga hadi gotini, maji yakimchuruzika, haoni kwamba ametangazwa. Anaona amevuliwa nguo.

Sema mapema, kwa mdomo wako, ni lipi katika hayo halibadiliki na lipi linabadilika. Kisha rudi kwa mfadhili ukapiganie linaloweza kubadilika. Kuhusu picha, kwa mfano, tuliomba na tukakubaliwa: akina mama wanapigwa wakiwa wamekwisha panda juu na kujifunga vizuri, na kila mmoja anaiona picha yake kwenye simu kabla haijaondoka kijijini. Ilichukua barua mbili. Kuhusu risiti hawakulegea hata kidogo, na sikuwalaumu; tukafundisha watu kuandika risiti za mkono.

Hatua ya tano: tafuta tendo moja lenye sababu nyingi

Watu hawahitaji kukubaliana kwa nini. Wanahitaji kukubaliana nini kifanyike, wapi, na lini. Nimepoteza vikao vingi nikitaka kila mtu aamini ninachoamini kuhusu bahari, na leo najua haikuwa lazima.

Pweza ni mfano mzuri. Hukua kwa kasi sana, na maisha yake yote hayazidi sana mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake pangoni bila kula, na yakianguliwa hufa. Kwa hiyo ukimwacha miezi michache anaongezeka uzito haraka, na baadhi wanapata nafasi ya kutaga. Ndiyo sababu njia ya kufunga mwamba kwa muda, iliyojulikana sana baada ya kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska kuanza mwaka 2004, imefuatwa na vijiji vingi vya Bahari ya Hindi, vya Kilwa vikiwemo.

Sasa tazama sababu zilizokuwapo chini ya mwembe wetu. Shirika lilitaka matumbawe yapumzike yasikanyagwe. Mnunuzi alitaka pweza wakubwa, kwa sababu kiwanda kinalipa vizuri kwa uzito. Akina mama walitaka siku moja ya ufunguzi yenye fedha ya kueleweka, si shilingi za kuokoteza. Mzee imamu alisema bahari ni amana na anayeikomba hadi mchanga atakwenda kuulizwa. Mwenyekiti alitaka kijiji kionekane kina utaratibu, hasa baada ya kusemwa miaka mingi kwa uvuvi wa baruti. Sababu tano, na zote zinaishia kwenye maboya yale yale manne.

Kwa hiyo katika hati tuliandika tendo na tukaziacha sababu nje. Rasimu ya kwanza ilianza na aya ndefu kuhusu bioanuwai. Tuliifuta. Kila sababu unayoiweka kwenye hati ni mlango wa ubishi mpya, na anayeisoma na asijikute humo anahisi ameingizwa katika imani ya mtu mwingine.

Hatua ya sita: tunu zinapogongana kweli

Yapo mambo ambayo hayana tendo moja. Riba ilikuwa mojawapo. Hapo nina njia nne, nazijaribu kwa mfuatano huu.

Ya kwanza ni kubadilisha umbo la kitu badala ya kiasi chake. Uliza kila upande kile kitu kinalinda nini. Mhasibu hakuipenda riba yenyewe. Alitaka mfuko usife. Mzee hakuukataa mkopo. Alikataa fedha kuzaa fedha. Baada ya siku tisa na safari tatu za pikipiki, tulikuja na hili: mkopo unarudi kama ulivyotoka, bila senti juu. Mfuko wenyewe unanunua jokofu, unauza barafu kwa wavuvi, na faida ya barafu, ikiwapo, ndiyo inayoukuza. Mwaka usio na faida, mfuko haukui. Kila mama anaweka pia hisa kila wiki, kidogo kidogo, na hisa ni mali yake. Mzee aliuliza maswali matatu kuhusu barafu, akasema, "Hiyo ni biashara. Biashara haina neno." Mhasibu aliandika kwa mkaguzi kwamba ukuaji utakuwa mdogo kuliko ulioahidiwa kwenye andiko, na kweli ulikuwa mdogo. Kuna kitu kilipotea pale na sitaki kukificha. Lakini mkopo wa asilimia 10 usingekopwa na mtu.

Njia ya pili ni kutenga mahali. Katika misitu ya vijiji hili linajulikana. Kilwa, ambako vijiji vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu mwaka 2009 na kuuza magogo ya mpingo chini yake, kazi huanza kwa kuugawa msitu katika ramani: hapa pa kuvuna, hapa pasiguswe. Ukipanga hivyo, mahali pa makaburi na matambiko panapata mpaka wake bila mtu kulazimika kueleza imani yake mbele ya wageni.

Ya tatu ni kutenga wakati. Jando na unyago, Ramadhani, msimu wa mnada: weka kwenye kalenda ya mradi kabla hujaweka kitu kingine chochote.

Ya nne ni kumruhusu mbia akae nje ya kipengele kimoja bila kutoka katika mradi mzima. Andika wazi kwamba fulani hashiriki katika hili na halaumiwi. Watu huogopa njia hii, wanasema italeta mgawanyiko. Kwa niliyoyaona, mtu aliyepewa ruhusa ya kutoshiriki hubaki rafiki, na aliyelazimishwa hushiriki kwa mkono mmoja huku wa pili akibomoa.

Jambo moja usilifanye: usipigie kura tunu. Kura inafaa kuchagua rangi ya maboya au siku ya kikao. Ukipiga kura juu ya jambo ambalo kwa wengine ni haramu au ni aibu, walioshindwa hawatabadilika. Watajua tu kwamba wako wachache. Ahirisha. Kikao kilichoahirishwa mara mbili kinaudhi mfadhili, lakini kinaokoka.

Hatua ya saba: iandikeni, kisha isomwe kwa sauti

Hati iwe ya Kiswahili tangu rasimu ya kwanza. Iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa huwa na mwenyewe mmoja tu. Iwe fupi, na vipengele vyake viwe vya matendo, mtu, na siku. Hivi ndivyo kimojawapo cha vipengele vyetu kilivyosomeka:

"Mwamba utafungwa kuanzia siku ya kwanza baada ya bamvua iliyotajwa katika kalenda, kwa miezi mitatu. Msiba, ugonjwa au njaa katika kaya havitaufungua mwamba. Kaya hiyo itakwenda kwa mweka hazina wa mfuko na kupewa mkopo siku hiyo hiyo, hata usiku."

Yale maneno "hata usiku" yaliongezwa na mama mmoja mjane, na nadhani ndiyo yaliyoulinda mwamba kuliko doria.

Msomaji awe mtu wa kijiji, si mratibu. Asome kipengele kimoja, asimame, aulize aliyekaa nyuma kabisa amesikia nini. Kama anachorudia si kile kilichoandikwa, badilisheni maandishi, msimsahihishe mtu. Kisha hati iende mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, hivyo panga tarehe zako kwa kuuangalia huo. Kama kuna adhabu ndani yake, makubaliano ya wabia hayatoshi. Inahitajika sheria ndogo ya kijiji, itakayopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hilo huchukua muda. Anza mapema, na mshirikishe mtendaji wa kijiji tangu mwanzo, maana ndiye atakayefuatilia hilo faili wilayani wakati wewe umekwisha hamia mradi mwingine.

Hatua ya nane: siku ya kuvunjwa

Itakuja. Kwetu ilikuja wiki ya saba. Vijana wa doria walimkuta kijana na mkuki, ndani ya maboya, mfukoni ana pweza wawili wa nusu kilo. Alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa kijiji.

Hapa kanuni iligongana na undugu, na undugu si ufisadi tu kama tunavyoandika kwenye taarifa. Ni tunu. Mwenyekiti akimwacha mpwa wake, mradi umekufa. Akimtoza mbele ya watu kama mgeni, dada yake hatamsamehe, na kijiji chenyewe kitajiuliza ni mjomba gani huyo. Afisa uvuvi alitaka kesi. Akina mama hawakutaka kesi wala msamaha. Walitaka lisemwe hadharani.

Aliyelifungua lile fundo ni mtani wake mwenyekiti, mzee wa kabila jingine. Mtani huku kwetu ana ruhusa ambayo mratibu hatapewa kamwe. Akasimama mkutanoni akasema kwa kicheko kikubwa kwamba mwenyekiti amefunga bahari ya wenzake ili kumnenepeshea mpwa wake. Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti naye akacheka, na neno likawa limeshasemwa bila mtu kumvunjia heshima. Ndipo mwenyekiti akasimama. Faini ilikuwa imeandikwa. Aliitoa mwenyewe mfukoni, kwa kuwa mpwa ni mzigo wa mjomba, akaihesabu noti moja moja mbele ya mweka hazina, akaomba risiti. Kijana akapewa doria ya usiku hadi ufunguzi. Bahasha ile ya faini ndiyo iliyotufundisha sote kwamba kanuni na undugu vinaweza kupita mlango mmoja kama vikipewa nafasi.

Kwa hiyo jiandae kabla: adhabu iwe ya ngazi, kosa la kwanza dogo, iwe imeandikwa kabla ya mkosaji kujulikana, na ujue katika kila kundi nani ni mtani wa nani. Hilo la mwisho hutalikuta katika mafunzo yoyote ya usimamizi wa miradi, na ni pengo kubwa.

Hatua ya tisa: rudieni kuulizana

Tunu za watu hujitokeza polepole. Baada ya kila ufunguzi, kabla fedha haijasahaulika, mkae saa moja na maswali mawili: nini kilikukera, na nini ulikubali safari hii ambacho safari ijayo hutakubali. Siku ya ufunguzi wa kwanza ilitupa jambo ambalo hakuna aliyelitaja chini ya mwembe. Wanaume walioleta ngalawa walishuka mwambani pamoja na akina mama, wakaenda mbali zaidi kwenye maji ya kifua, wakatoka na pweza wakubwa kuliko wote. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye mti ambao watoto huuchezea, mnunuzi anasoma kilo kwa sauti, na kila mwanaume alipotajwa, akina mama walizidi kunyamaza. Kwao mwamba ni wa wanawake tangu enzi za bibi zao. Kwa wanaume, bahari haina mwenyewe. Safari ya pili tuliandika kwamba maji ya bamvua ya kwanza ni ya wanaotembea kwa miguu tu.

Hatua ya kumi: andikeni namna ya kuachana

Fanyeni mkiwa bado mnapendana. Nani anabaki na mizani, nani na maboya, daftari la mikopo liko kwa nani, madeni yanafuatwa na nani, na mbia anayetoka anatoa taarifa siku ngapi kabla. Shirika letu liliondoka mwaka wa tatu kwa sababu zake za Dar es Salaam, na mnunuzi akabadilika. Kipengele cha kuachana kilikuwa na mistari sita, na kiliposomwa hakuna aliyeinua mkono. Jokofu likaenda kwa katibu wa akina mama, kwa kuwa ndiyo nyumba yenye umeme wa uhakika. Nilipopita mara ya mwisho lilikuwa linauza barafu, na daftari la mikopo lilikuwa juu yake, limefunikwa kwa kawa.